Binti mfalme mwerevu anapompenda adui: nifanyeje akili zake zisipotee katikati ya riwaya?

Mswada Mkononi

Waandishi na wasomaji wenzangu, salamu kwenu.

Ninaandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni binti wa mfalme, na nimekwama mahali ambapo nadhani waandishi wengi wa visa vya namna hii hukwama. Falme mbili zinagombania kivuko cha mto ambacho kila upande unadai ni chake tangu enzi za mababu. Baada ya vita virefu yanafanyika mapatano ya muda, na mfalme wa ng'ambo anamtoa mwanawe wa kiume akae katika kasri la upande wetu kama rehani ya mapatano hayo. Binti wa mfalme wetu ndiye anayeijua lugha ya watu wa ng'ambo, ndiye anayemwandikia baba yake barua, na anaisoma ramani kuliko makamanda. Kwa hiyo baba yake anamkabidhi kazi ya kuzoeana na yule kijana, amchimbe polepole, na kila atakachokisikia akilete barazani. Kazi hiyo anaifanya vizuri mno, na katika kuifanya anampenda.

Waliosoma rasimu yangu wamegawanyika. Wapo wanaolalamika kwamba hadi katikati ya kitabu binti huyu anawazidi wote kasrini kwa akili, lakini akishapenda anakuwa mjinga ghafla: hauoni mtego ambao msomaji ameuona kurasa nyingi kabla, anaacha barua za siri mezani, anamwamini kila anayemtabasamia. Nikaiandika upya sehemu hiyo na kumrudishia akili zake zote. Sasa malalamiko yakaja kutoka upande mwingine, kwamba anabuni hila moja ya ajabu inayowaridhisha baba, mpenzi na falme zote mbili, kisha watu wanakula harusi. Hila yenyewe inapendeza kuisoma, lakini inaufuta mgogoro mzima, kana kwamba wajibu na mapenzi yalikuwa kitendawili kilichokuwa kikingoja mteguzi.

Sura ninayoiandika sasa ndiyo kilele. Mfalme anamwamuru bintiye aandike, kwa mkono wake, barua kwenda kwa makamanda wa mpakani: mapatano yavunjwe usiku wa mwezi mwandamo, kikosi kivuke mto, na yule kijana wa rehani auawe kabla ya mapambazuko. Atakayekiongoza kikosi cha kwanza ni kaka yake wa tumbo moja. Binti akimwonya mpenzi wake, kijana atatoroka na kuwatahadharisha watu wake, na kaka atavukia kwenye mikuki inayomngoja. Akinyamaza, mpenzi atauawa kwa amri iliyoandikwa kwa hati yake yeye mwenyewe.

Nawezaje kumwachia akili zake zote bila akili hizo kumtoa katika njia panda hii?

Bi Kalamu

Ndugu Mswada, swali lako limejengwa juu ya dhana ambayo ningependa tuiondoe kwanza, nayo ni kwamba mtu mwenye akili ni yule anayechomoka kwenye matatizo. Binti yako anajua kila kitu na haamrishi chochote. Anaijua lugha, anaijua ramani, anaijua siku ya shambulio, lakini hakuna askari hata mmoja atakayesimama kwa neno lake. Akili zake zinamwezesha kuona mapema na kwa undani kile ambacho hana mamlaka ya kukizuia. Mjinga aliye mahali pake angelala usingizi usiku ule, kwa sababu angeamini kwamba labda baba atabadilisha nia, labda kaka atarudi salama, labda kijana atasamehewa. Yeye hana "labda" hata moja ya kujifichia. Ukiliandika hilo barabara, kadiri unavyomwongezea akili ndivyo kamba inavyozidi kumkaza.

Mfano ninaourudia kila mara ni Mikali, binti wa mfalme Sauli, katika kitabu cha kwanza na cha pili cha Samweli. Wengi hukumbuka tu kwamba alimdharau Daudi alipocheza mbele ya sanduku la agano, na hivyo humsoma kama mke mwenye kiburi. Someni kisa chake kuanzia mwanzo. Maandiko yanasema wazi kwamba alimpenda Daudi, na baba yake alipolisikia hilo akaliona kuwa ni mtego unaofaa: akadai mahari ya govi mia za Wafilisti, akitumaini kwamba Daudi angeuawa akizitafuta. Daudi akaleta mia mbili. Kwa maneno mengine, tangu siku ya posa mapenzi ya binti huyu yalikuwa tayari silaha mkononi mwa baba yake, jambo linalokaribiana sana na kisa chako.

Kisha unakuja usiku ambao Sauli anatuma watu wailinde nyumba ili Daudi auawe asubuhi. Mikali anaijua hatari hiyo, anamwonya mumewe na kumteremsha dirishani. Halafu anachukua kinyago, anakilaza kitandani, anaweka singa za mbuzi kichwani pake, anakifunika nguo, na wajumbe wanapofika anawaambia kwamba Daudi ni mgonjwa. Sauli anaamuru mgonjwa aletwe pamoja na kitanda chake, na hila inafichuka. Hapo baba anamuuliza bintiye kwa nini amemdanganya na kumwacha adui yake aende zake. Ndiyo, neno analolitumia kwa mkwewe ni hilo hilo, adui. Na Mikali anajibu kwamba Daudi alimtishia kumuua asipomwacha aondoke.

Angalieni jinsi werevu unavyofanya kazi katika kisa hiki kifupi. Hila ya dirisha imefaulu, hila ya kinyago imefaulu kwa muda uliohitajika, na uongo wa mwisho umeyaokoa maisha yake. Lakini uongo huo umemfanya mume aliyemwokoa aonekane mbele ya mfalme kuwa mtu aliyetishia kumuua mke wake. Amemponya mwili akamchafulia jina, na hakuwa na jibu jingine la kutoa pale mbele ya baba yake. Baadaye Sauli anamwoza kwa Palti. Miaka inapita, Daudi anadai arudishiwe mkewe kama sharti la mazungumzo na Abneri, jemadari wa Sauli, na Palti anamfuata mwanamke huyo akilia njia nzima hadi Bahurimu, ambako anaamriwa arudi. Maandiko yalisema kwamba Mikali alimpenda Daudi. Hayasemi popote kwamba Daudi alimpenda Mikali. Anapomtazama akicheza, tena kupitia dirishani, na kumdharau moyoni, mimi siwezi tena kukiita hicho kiburi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiiogope hila. Mwache aibuni, na iache ifaulu, ila kila inapofaulu pawe na mtu anayeilipia, na mara nyingi awe ni yeye. Rasimu yako ya pili haikuharibiwa na werevu wa binti. Iliharibiwa na hila isiyomgharimu mtu yeyote chochote.

Msomaji Mkaidi

Ninamuunga mkono Bi Kalamu kuhusu hila, lakini naona tatizo la riwaya yako linaanza mapema zaidi ya sura ya barua. Umetueleza kuhusu akili za binti, hukutueleza kwa nini familia yake inastahili uaminifu wake. Katika visa vingi vya aina hii baba ni katili, mama ni kivuli, ndugu ni wajinga, na adui ana macho mazuri. Kuchagua kati ya watu kama hao hakuhitaji akili wala machozi. Kisa maarufu cha Ariadne, binti wa mfalme wa Krete, husimuliwa hivyo: watu wanakumbuka uzi aliompa mpenzi wake Theseus, kijana wa Athens, ili atoke katika jumba lenye njia za kupoteza, na wanakumbuka vijana wa Athens waliopelekwa kuliwa na Minotaur, zimwi lenye kichwa cha fahali. Wanasahau kwamba vijana wale walikuwa fidia aliyoidai baba yake kwa sababu kaka yake, Androgeos, alikuwa amefia katika nchi ya Athens. Ukianza kusimulia kutoka kwenye maziko ya Androgeos, kisa kinageuka kabisa, maana yule mgeni mzuri anatoka kwa watu waliowaua wa kwenu.

Na huyo kijana wako wa rehani amefanya nini? Kama kosa lake ni kuzaliwa ng'ambo ya mto, basi ni jirani mwenye bahati mbaya tu. Neno "adui" linadai damu. Nakushauri umsome Isolde, binti mfalme wa Ireland, kama alivyosimuliwa na Gottfried von Strassburg mwanzoni mwa karne ya 13. Tristan amemuua mjomba wa Isolde katika pambano la ana kwa ana, na kipande cha chuma kutoka kwenye upanga wake kimebaki ndani ya fuvu la marehemu. Kipande hicho kimehifadhiwa. Siku moja Isolde anaukagua upanga wa mgeni ambaye yeye na mama yake wamemuuguza, anaona pengo kwenye makali, anakichukua kile kipande na kukipachika, kikaingia sawasawa. Kisha analigeuza jina la uongo alilojipa mgeni, Tantris, na kupata Tristan. Hakuna aliyemnong'oneza, amefikia huko kwa kufikiri.

Anauchukua upanga na kumwendea akiwa ndani ya maji anaoga. Hamuui. Mama yake anaingilia kati, moyo wake mwenyewe unasita, lakini ipo pia sababu ya hesabu baridi ambayo mimi naiona tamu kuliko zote: yuko msimamizi wa kasri anayedai kwamba ndiye aliyemuua joka, na kwa hiyo anastahili kumwoa Isolde, na mtu pekee anayeweza kuthibitisha kwamba huo ni uongo ni huyu muuaji aliyeko majini. Akimlipizia mjomba kisasi, ataolewa na mwongo. Wakati huo mapenzi yenyewe bado hayajafika, yatakuja baadaye kwa dawa waliyoinywa bila kujua, na kusema kweli dawa hiyo hainivutii hata chembe ikilinganishwa na dakika zile za upanga. Akili imemfikisha kwa adui, akili hiyo hiyo imemwambia kwamba anamhitaji akiwa hai, na damu ya mjomba haijafutika.

Mpe kijana wako damu ya namna hiyo.

Mswada Mkononi

Nawashukuru nyote. Bi Kalamu, umenionyesha kwa nini rasimu ya pili ilikuwa nyepesi. Ndugu Mkaidi, katika sura za mwanzo yupo baba mdogo wa binti aliyeuawa pale kivukoni, lakini sikuwahi kusema ni nani aliyemuua. Sasa naona ni wazi kwamba kijana alikuwepo siku ile, na huenda mkuki ulikuwa wake. Ninachokihofia ni kwamba msomaji akishalijua hilo hatamtamani tena binti awe naye, na nusu ya mvutano itakufa.

Kuhusu familia, nilikusudia mfalme awe baba mwema kwa bintiye. Ndiye aliyemfundisha kusoma, kinyume cha ushauri wa wazee wote wa baraza.

Msomaji Mkaidi

Basi unayo silaha kali kuliko zote na umeiacha kwenye ala. Baba aliyemfundisha kusoma ndiye anayemwamuru aandike barua ya mauaji. Kila herufi anayoiandika usiku ule ameipata kwake. Huyo hawezi kusalitiwa kirahisi, na hatuhitaji kuambiwa hivyo kwa maneno.

Kuhusu hofu yako ya mkuki, mwache binti aligundue jambo hilo mwenyewe baada ya kupenda, na aligundue kwa kazi ile ile ya kuchunguza aliyotumwa na baba yake. Hapo atakuwa na taarifa ambayo kwa wajibu wake anapaswa kuifikisha barazani, na hataifikisha. Usaliti wake wa kwanza uwe huo wa kunyamaza, kabla ya barua. Msomaji hatauliza tena kama anatamani wawe pamoja; atauliza binti ataweza kulificha hilo kwa muda gani.

Mpenda Tarehe

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, nami ningependa kuuongezea mabinti wa wafalme walioishi kweli, kwa kuwa maisha yao yanaonyesha jambo ambalo hadithi hulipitia haraka: kwamba kwa kawaida ni familia yenyewe iliyompeleka binti kwa adui. Margaret Tudor, binti wa Henry VII wa Uingereza, aliozwa mwaka 1503 kwa James IV wa Scotland ili kutia muhuri mkataba uliopewa jina la amani ya kudumu. Miaka 10 baadaye jeshi la Henry VIII, kaka yake Margaret, lilimuua mumewe huko Flodden, naye akabaki na mwana mfalme ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, akitawala kwa niaba yake katika nchi ambayo nusu ya wakuu wake walimwona kuwa mtu wa upande wa pili. Alitii kila alichoambiwa na bado akajikuta njia panda.

Lakini aliyenijia akilini mara tu niliposoma kuhusu barua yako ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza kuandika mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yao alifariki mwaka 1856, na kaka yao Majid akashika utawala Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao mwingine, Barghash, alipofanya njama ya kumpindua, ni kalamu ya Salme, msichana wa miaka 15 hivi, iliyotumika kuandika barua za wala njama. Majid hakuwa amemkosea lolote. Utotoni Salme aliwahi kuishi nyumbani kwa Majid, na alimpenda. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Majid akamsamehe dada yake.

Naomba uuzingatie mkasa huu kabla hata ya mapenzi yoyote kuingia. Ujuzi alioupata kwa jitihada yake ndio uliomfanya ahitajiwe, na kuhitajiwa ndiko kulikomlazimisha kuchagua kati ya ndugu wawili. Asingejua kuandika, pengine wangemwacha nje ya jambo lile. Mimi naona hapa ndipo penye jibu la swali lako la awali kuhusu akili.

Mapenzi yalikuja baadaye, naye aliyempenda, Rudolph Heinrich Ruete, alikuwa mfanyabiashara Mjerumani wala si adui wa vita. Hata hivyo, kwa binti wa sultani mpaka alioruka ulikuwa mkubwa kuliko mto wako. Mwaka 1866, akiwa na mimba, aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa. Mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Mwaka huo huo Majid naye alifariki, na Barghash akawa sultani: yule yule ambaye Salme alimwandikia barua na kwa ajili yake akamsaliti kaka aliyemtendea wema. Barghash hakumsamehe. Salme aliporudi mwaka 1885 pamoja na meli za kivita za Ujerumani, iliyokuwa ikimshinikiza sultani kuhusu maeneo ya bara, Barghash alikataa kumpokea. Serikali ya nchi aliyoolewa ilikuwa imegundua kwamba dada wa sultani ni kitu cha kufaa mkononi, kama vile Sauli alivyoyaona mapenzi ya Mikali. Alifariki mwaka 1924, baada ya kuandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886.

Ninachokuomba, ndugu mwandishi, ni usiufunge mkasa wa binti yako usiku wa barua. Uamuzi wa usiku mmoja huzaa hesabu za miaka 20, na mara nyingi anayezidai ni yule aliyefaidika nao.

Jukwaani

Mimi ni mtu wa tamthilia, kwa hiyo nitazungumzia onyesho lenyewe tu.

Katika opera ya Aida ya Verdi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Cairo mwezi Desemba 1871, binti wa mfalme wa Ethiopia ni mtumwa nchini Misri na anampenda Radamès, kamanda wa jeshi linalokwenda kuwapiga watu wake. Baba yake, ambaye naye ametekwa bila kutambuliwa kuwa ni mfalme, anamtaka amtoe kamanda siri ya njia ambayo jeshi litapita. Aida haombi siri. Anamwomba mpenzi wake watoroke pamoja, na wanapokubaliana anauliza swali dogo la kawaida kabisa: watapita njia gani ili wasikutane na jeshi? Kamanda anajibu kwa moyo mweupe. Swali hilo moja ni la mpenzi anayetaka kukimbia na pia ni la jasusi, na hakuna mtazamaji anayeweza kuapa ni lipi kati ya hayo mawili lililotangulia moyoni mwake. Nadhani hata Aida mwenyewe asingeweza kuapa.

Kinachofuata sikipendi sana kama fundi: baba anajitokeza kutoka mafichoni na kutangaza alichokisikia, na ule utata mtamu unakatwa. Wewe usimtoe mtu yeyote mafichoni. Andika onyesho la barua polepole. Baba anasema, binti anaandika, na kalamu isisite hata mara moja, kwa sababu mtu mwenye akili anajua kwamba kusita kutaonekana. Amri ni usiku wa mwezi mwandamo. Yeye anaandika usiku unaofuata. Ni neno moja tu. Anaisoma barua yote kwa sauti mbele ya baba yake kama ilivyo desturi, na anapofika kwenye neno hilo anatamka lile la mfalme badala ya lile aliloliandika. Muhuri unapigwa.

Sasa hesabu gharama, kama Bi Kalamu alivyosema. Kijana anapata usiku mmoja wa kutoroka. Anatoroka, kasri linataharuki, na mfalme anatuma wapanda farasi mpakani kuuliza kwa nini kikosi hakikuvuka. Makamanda wanaonyesha barua yenye muhuri. Mfalme anaiamini hati ya bintiye kuliko macho yake, kwa hiyo anaamua kwamba mjumbe aliifungua njiani na kuibadilisha. Mjumbe huyo hana kosa lolote, na binti yako ana siku moja ya kusema au kunyamaza.

Bi Kalamu

Hili nalipenda mno, na linanitisha kidogo. Swali langu kwa Jukwaani: kaka je? Katika mpangilio huu kaka amepona, kwa kuwa kikosi hakikuvuka, nami naona kama ndiye aliyesahaulika.

Jukwaani

Kaka ndiye aliyeipokea barua kule mpakani. Amekua akicheza na dada yake, anaijua hati yake inapokuwa ya kweli na inapokuwa ya kughushi, na anajua kwamba neno lile halikubadilishwa na mjumbe. Kwa hiyo siku mjumbe anapohukumiwa wako wawili barazani wanaoujua ukweli, na kila mmoja anamtazama mwenzake aone nani atafungua kinywa.

Mswada Mkononi

Nimeanza kuiandika sura hiyo upya kwa mpangilio huu. Mjumbe nimemchukua kutoka sura za mwanzo, ambako alikuwa hana jina wala sauti, na sasa ndiye aliyemfundisha binti kupanda farasi. Baba anabaki mwema hadi mwisho. Kijana wa rehani atatoroka bila kujua ni nani aliyempa usiku ule, na nimeamua kwamba barua yake ya kwanza kutoka ng'ambo itakuja ikiwa imeelekezwa kwa mfalme, na binti ndiye atakayeitwa kuitafsiri.

Limebaki jambo moja ninalolihitaji kwenu. Sura nzima imesimuliwa kwa mtazamo wa binti. Je, onyesho la hukumu ya mjumbe nilibakize kwake, au nimpe kaka?

Jukwaani

Mpe kaka. Tukiwa ndani ya kichwa cha binti tutasikia sababu zake, na kwa kuwa ana akili nyingi, zitakuwa sababu nzuri, na tutamsamehe mapema mno. Tukiwa na kaka tutamwona tu binti amekaa wima upande wa kulia wa baba yake, wino mkononi, akiandika mwenendo wa kesi neno kwa neno.